Uzi wa muvi kwa watu wa Kusini: umetazama nini karibuni, na nini kimekukera?

Njomba Flashi (Magomeni, Mtwara), Ijumaa saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Hela ya korosho ya mnada wa kwanza imeingia. Mimi mwenye kibanda cha kujaza muvi nalijua hilo kabla hata watu hawajatangaziana, maana foleni ya flashi leo imeanzia mlangoni kwangu ikaishia kwa mama muuza mihogo. Siku nzima watu wananiuliza "kuna nini kipya", na mimi nimechoka kujibu peke yangu. Njooni tusaidiane.

Masharti mawili tu. Usimwage mwisho wa muvi bila kuonya. Na usije hapa ukaandika "kali sana" halafu ukaondoka. Kali kwa kipi?

Naanza mimi. Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Nimeitazama mara mbili, ya kwanza peke yangu, ya pili na vijana kama kumi na tano kibandani. Ni Mississippi, mwaka 1932. Michael B. Jordan ni mapacha wawili, Smoke na Stack, wamerudi kwao kutoka Chicago na hela ambazo hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Wananunua kiwanda kilichokufa cha kupasulia mbao, wafungue ukumbi wa muziki wa watu weusi. Ni muvi ya wanyonya damu, lakini sehemu kubwa ya mwanzo huoni meno. Ni watu wanatafuta mpiga piano, wanatafuta samaki wa kukaanga, wanapatana bei ya kuchora kibao. Vijana wakaanza, "njomba, damu iko wapi?" Mimi hapo ndipo iliponikamata, maana damu ilipokuja nilikuwa nawajua wote waliomo ndani na sikutaka hata mmoja aguswe.

Sasa wale wanyonya damu wana sheria yao: hawaingii ndani mpaka wakaribishwe. Kibanda kizima kilicheka. Sisi tungekwisha dakika ya kwanza! Mtu akisimama nje akasema hodi, mdomo unajibu karibu kabla akili haijauliza ni nani. Dogo mmoja akasema kwao Newala wanaitikia karibu hata mbuzi akigonga mlango.

Bi Tandahimba, saa 2:31 usiku

Njomba umenichekesha, ila umepita haraka pale penyewe. Kile kipande kijana Sammie anapiga gitaa, halafu ukumbini wanaanza kutokea watu wa kale wenye ngoma zao na watu ambao hata hawajazaliwa bado, wote wanacheza pamoja. Nilikirudisha nyuma mara tatu. Mimi nimekua na ngoma za unyago. Usiku wa manane mabibi wakishaingia uwanjani na vumbi limepanda, unaona kabisa kuna mtu anacheza kati yao ambaye ulimzika mwaka juzi. Sikujua kama hilo jambo linaweza kutiwa kwenye picha. Limetiwa.

Kilichonikera ni mwisho. Baada ya uzuri wote ule wanamalizia kwa kupigana na kurushiana risasi kama muvi nyingine yoyote ya Jumapili mchana.

Dogo wa Chuno, saa 2:33 usiku

Dada yangu, risasi za mwisho ndizo nilizolipia 😂

Fundi Spika (Lindi mjini), saa 2:50 usiku

Kwenye Sinners mimi nimependa jambo ambalo halimo kwenye picha. Yule Coogler alikubaliana na kampuni kwamba baada ya miaka 25 filamu inarudi kuwa mali yake. Linganisha na wasanii wetu wa enzi za CD. Mtu anaandika, anaigiza, anaazima gari la shemeji, halafu anauza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Miaka kumi baadaye kazi yake inaonyeshwa kwenye kila basi la kwenda Dar, na yeye yumo ndani ya basi hilohilo amelipa nauli.

Jarife (Shangani, Mtwara), saa 3:05 usiku

Salaam wakuu. Mimi ni mvuvi, kwa hiyo nasemea muvi za baharini, zingine nawaachia wenyewe.

Wiki iliyopita upepo ulitukatalia siku nne, tukakaa nchi kavu, mpwa wangu akaniletea Jaws. Ya mwaka 1975, ya Steven Spielberg. Nilikuwa naisikia tu. Tuliitazama kwenye simu, watu watano, simu imeegemezwa kwenye dumu la mafuta.

Nikianza na ubaya. Papa yule ana chuki binafsi. Papa hana muda huo. Akikuuma mara nyingi amekosea, anaonja, anaondoka. Yule anawafuata watu watatu ndani ya boti kama wanamdai. Na jinsi anavyorukia nyuma ya boti mpaka inazama, wazee pale pwani walisema huyo sio papa, huyo ni mtu kavaa papa.

Lakini uzuri wake sasa. Yule nahodha wao, Quint, anamchoma papa kwa mkuki wenye kamba, na mwisho wa kamba kuna pipa la njano. Pipa linaelea, papa anachoka kulivuta, na wewe unajua alipo bila kumwona. Hiyo ni kazi ya kweli. Sisi kwenye jarife, wavu wetu wa papa, tunafunga maboya, na ukikaa alfajiri ukaona boya moja linakwenda chini linarudi, linakwenda chini halirudi, mwili mzima unasisimka. Hujui ni papa, ni samaki taa, au ni gogo. Ile hali wameipata sawasawa. Pipa la njano linakatiza maji polepole na hakuna mtu anayesema neno. Wenzangu wote walinyamaza, na hao ni watu ambao hata msibani hawanyamazi.

Dogo wa Chuno, saa 3:09 usiku

Mzee Jarife shikamoo. Ila papa mwenyewe plastiki kabisa, nilimwona nikacheka.

Jarife, saa 3:12 usiku

Marahaba. Ulicheka kwa sababu ulikuwa kitandani.

Fundi Spika, saa 3:30 usiku

Hapo kwenye plastiki pana kisa, na mimi kama fundi nakipenda kuliko muvi yenyewe. Walitengeneza papa watatu wa mashine. Kwenye majaribio walifanya kazi. Walipoingizwa kwenye maji ya chumvi, mashine zikagoma. Leo inazama, kesho haigeuki. Kazi iliyopangwa siku 55 ikaenda hadi 159. Spielberg alikuwa na miaka ishirini na kitu, anangoja kufukuzwa. Ndipo akaamua: kama papa hafanyi kazi, basi asionekane. Ndiyo maana unaona mapipa, unaona gati linavunjika na kugeuka, unasikia ule muziki wa John Williams wa noti mbili, na papa mwenyewe haji mpaka muvi imekwenda mbali.

Mwenye kuijua chumvi hawezi kushangaa. Kila mwezi naletewa redio ya boti. Naifungua, ndani kijani kitupu, shaba imeota ukungu kama mkate wa wiki mbili. Mwenyewe anasema "fundi, haikuingia maji hii". Haikuingia maji, imevuta hewa ya bahari tu, inatosha.

Kimya Kimya, saa 3:41 usiku

Nimekaa nyuma hapa na ming'oko yangu ya moto na chumvi pilipili. Endeleeni.

Jarife, saa 3:58 usiku

Nyingine ya baharini ni Captain Phillips. Tom Hanks ni nahodha wa meli ya mizigo, maharamia wa Kisomali wanaipanda, kisa cha kweli cha 2009. Nimeitazama kwa jicho la boti ndogo. Watu wote wanamwonea huruma nahodha na mimi pia nilimwonea, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile boti ya faiba na mashine yake. Wale vijana wanapita kwenye mawimbi ya mkia wa meli kubwa. Ukishawahi kukatwa na mkia wa meli usiku unajua ile ni kazi gani.

Yule aliyecheza mkubwa wao, Barkhad Abdi, hakuwa mwigizaji kabla ya hapo. Alikuwa dereva huko Minneapolis. Na mwongozaji aliwatenga wale vijana wasikutane na Hanks hata siku moja mpaka siku ya kupiga picha za kuivamia meli. Ule mshtuko pale kwenye usukani ni wa watu wanaoonana mara ya kwanza. Mimi nilihisi, kabla hata sijaambiwa.

Njomba Flashi, saa 4:10 usiku

Mzee Jarife, hiyo Captain Phillips ninayo mbili: ya sauti yake na iliyotafsiriwa. Iliyotafsiriwa inatoka mara tano zaidi.

Ticha wa Nachingwea, saa 4:22 usiku

Hapo mmenigusa. Sina ugomvi na waliotuzoesha. Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, watu walikwenda kumsikiliza yeye, muvi ilikuwa kisingizio. Alikuwa mtambaji hasa: anakueleza stelingi ametoka wapi, jambazi ana kinyongo gani, bei ya suruali aliyovaa. Ila sasa hivi kuna watafsiri wanaozungumza juu ya kila kitu, hata kimya. Muvi inayotegemea kimya, kama hayo mapipa ya Jarife, ukiitia mtu anayesema "hapo sasa anatafakari, ndugu mtazamaji", umeiua.

Dogo wa Chuno, saa 4:25 usiku

Ticha, bibi yangu hasomi maandishi ya chini, na Kiingereza hajui. Bila mtafsiri angekuwa anaangalia midomo tu.

Ticha wa Nachingwea, saa 4:37 usiku

Umenishinda. Kwa bibi sina hoja.

Basi niseme niliyoitazama mimi, ambayo haina haja ya mtafsiri. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Kitabu nimekifundisha kidato cha tano na sita mpaka kurasa zimetoka kwenye gundi, kwa hiyo nilikaa nimekunja uso kabla haijaanza. Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza yupo, Denge anagawa makaratasi ya siasa usiku, Yasmin ametoroka kwa mume mzee aliyeozwa. Kila dakika nilikuwa nasema moyoni "hapa wameruka, hapa wameruka". Nusu saa ikapita nikaacha kuhesabu.

Kilichoniachisha ni Mwajuma. Kaigiza Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kweli. Kitabuni unasoma kwamba Mwajuma anaimba. Kwenye picha anaimba. Miaka yote ile nimesimama mbele ya darasa nikieleza dhamira na ujumbe, na watoto wanaandika, na hakuna hata mmoja aliyejua sauti ya yule mwanamke ikoje, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya 2001. Kwenye vibanda vyetu sijaikuta. Njomba, unayo?

Njomba Flashi, saa 4:40 usiku

Sina ticha. Hakuna aliyewahi kuiulizia. Wewe wa kwanza.

Bi Tandahimba, saa 4:44 usiku

Mimi wa pili.

Mtoto wa Mtanda (Lindi), Jumamosi saa 1:20 asubuhi

Nimechelewa, huku umeme ulikatika tangu saa tatu. Nimesoma uzi wote na chai. Naona mmemsifia Spielberg wa papa, nami naleta Spielberg wa kwetu.

Jurassic Park, 1993. Nimeirudia juzi kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaangalia Jurassic World Rebirth ya 2025, ile ya Scarlett Johansson, nikamwambia hebu kaa uone mama yao. Kumbukeni yule dinosaria wa kwanza kuonekana mzima: gari linasimama, yule profesa anavua miwani, anamgeuza mwenzake kichwa kwa mkono, na pale mbele kuna mnyama shingo ndefu anajinyanyua kula majani ya juu ya mti. Brachiosaurus. Mdogo wangu akasema "duh". Nikamwambia huyo ni mtu wa Lindi.

Hakuamini. Sasa nawaeleza ninyi pia. Jina la Brachiosaurus lilitolewa kwanza Marekani mwaka 1903, kwa mifupa michache tu. Lakini umbo lake lote tunalolijua, ile shingo, kile kichwa chenye nundu puani, limetoka Tendaguru, porini kwetu huku. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913. Mifupa iliyounganishwa imesimama Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu. Siku hizi wataalamu wanasema wetu ni aina yake mwenyewe, wanamwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Waliomchora yule wa kwenye muvi walimwangalia wetu.

Makosa yapo. Wamemfanya atafune kama ng'ombe, kutoka kushoto kwenda kulia. Meno yake hayakuwa ya kutafuna, alikuwa anang'oa na kumeza. Na ile ya kusimama kwa miguu ya nyuma wengi wanaikataa, miguu yake ya mbele ndiyo mirefu, uzito wake umeelemea mbele.

Kwa habari yako Fundi Spika: yule T. rex mkubwa wa mashine kwenye muvi hiyo naye alisumbuliwa na maji. Mvua ya bandia ilimlowesha ngozi, akawa mzito, anatetemeka ovyo, wakawa wanamkausha kwa mataulo kila baada ya kipande. Bwana huyohuyo mmoja, miaka 18 baadaye, maji yaleyale. Na dinosaria wote ukijumlisha wanaonekana kama dakika 15 tu kwenye muvi ya saa mbili.

Fundi Spika, saa 1:38 asubuhi

Hakujifunza! Angeniuliza mimi.

Kimya Kimya, saa 2:02 asubuhi

Samahani kuvunja kimya. Mifupa mizito hivyo ilifikaje baharini mwaka 1909? Njia ya gari ilikuwepo?

Mtoto wa Mtanda, saa 2:25 asubuhi

Njia gani ya gari, ndugu yangu. Vichwani. Tani zaidi ya 200 zilitoka pale, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, kipande kimoja kimefungwa kwenye mianzi, watu wawili au wanne, au mmoja mmoja kwa vipande vidogo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu, kwa hiyo hata chakula njiani kilikuwa cha shida. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Yupo dinosaria mmoja wa pale aliyepewa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Mabosi wa Kijerumani walipewa wa kwao mapema zaidi.

Hiyo ndiyo muvi ninayoingoja mimi. Sio dinosaria kumkimbiza mtu. Mtu kambeba dinosaria.

Jarife, saa 2:40 asubuhi

Hiyo naitazama hata upepo ukiwa mzuri.

Ticha wa Nachingwea, saa 2:51 asubuhi

Nani atacheza Boheti?

Dogo wa Chuno, saa 2:52 asubuhi

Mimi nipeni mfupa wa kidole tu.

Bi Tandahimba, saa 3:15 asubuhi

Angalieni isije ikawa ile tunayoijua: Mzungu stelingi, ana kofia na homa, wabebaji mia tano wapo nyuma wanaimba bila majina, na dakika ya tisini mmoja anakufa ili Mzungu ajifunze kitu.

Mtoto wa Mtanda, saa 3:20 asubuhi

Dada umeshaiandika, imebaki kupiga picha tu 😂

Njomba Flashi, Jumapili saa 2:45 usiku

Narudi na ripoti. Mzee wangu, mjomba wake mama, tunamwita babu, ana asili ya kule juu ya Lindi, na tangu utoto wetu alikuwa anasema babu yake alibeba "mawe ya Mjerumani". Sisi tulidhani mawe ni mawe. Niliposoma hapa jana nikasema, kumbe ndiyo haya.

Leo baada ya isha nikamchukulia kompyuta nyumbani. Sikumwekea ya 1993, nilimwekea Fallen Kingdom ya 2018, kile kipande cha gatini (onyo kwa wasioitazama, rukeni aya hii). Kisiwa kinaungua, meli imeng'oa nanga, na Brachiosaurus mmoja amebaki pwani peke yake. Anakuja mpaka mwisho wa gati, analia, moshi unamfunika, unabaki umbo tu shingo imeinuliwa. Mimi pale hunikaba kila mara. Nikamwambia, "Babu, huyo ndiye mwenye yale mawe."

Akaitazama mpaka mwisho. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, kwenye paja la yule mnyama, akakaa nacho hapo. Halafu akauliza wabebaji watatokea saa ngapi.

Nikamwambia kwenye hii hawamo, hii ni hadithi tu ya kisiwa. Akasema basi zima, usiku umekwenda. Nikazima.

Sasa hivi nimesikia mlango, katoka na tochi, anauliza ile flashi nimeiweka wapi.